Fundi Usizime

Mtaa mzima ulimwita Fundi Usizime, na jina hilo hakuliokota njiani. Kwa miaka thelathini alikaa kwenye kibanda chake akitengeneza redio na televisheni, na kila mteja aliyekuja kuchukua kifaa chake aliondoka na wosia uleule: "Punguza sauti, funika na kitambaa, lakini ukutani usizime. Kifaa kikipoa kinakufa." Watu walimwamini. Mwenye duka wa jirani aliwahi kusafiri wiki tatu akaiacha televisheni na taa yake nyekundu, na aliporudi alikuja kumshukuru Fundi kwamba ameikuta nzima. Hakuna aliyemuuliza muda wote huo ilikuwa inamwakia nani.

Mkamwana wake, ambaye mtaa ulimwita Mama Sare kwa kuwa alishona sare za shule, aliishi chini ya sheria hiyo miaka saba bila kuitilia shaka. Yeye mambo yake yalikuwa vitambaa. Sebuleni kulikuwa na kona ya baba mkwe: televisheni, king'amuzi, stebilaiza ya kutuliza umeme inayonguruma kidogo, na redio kubwa ya mbao, pana kama sanduku la nguo, ambayo Fundi aliisikiliza asubuhi na jioni. Kati ya asubuhi na jioni haikuzimwa, ilishushwa sauti tu. Mama Sare alipofagia pale alipitisha ufagio kwa heshima, akapangusa vumbi bila kusogeza kitu, akaenda zake.

Basi Jumatatu moja asubuhi wifi yake akamwita mlangoni kwenye mita. Huyu wifi ni dada mkubwa wa mumewe, karani ofisini, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Yeye ndiye aliyekuwa akiingiza tokeni za umeme, kwa hiyo mita aliiona ni mali yake binafsi.

"Wifi, hebu njoo uone maajabu. Ijumaa nimeingiza yuniti hamsini. Leo Jumatatu, soma mwenyewe."

Mama Sare akasoma. Zilibaki thelathini na moja.

"Siku tatu! Hii nyumba tunafua vyuma?" Wifi akaelekeza kidole chumbani, ilipokuwa cherehani ya umeme. "Mimi sikufichi. Kabla ya hiyo mashine kuingia hapa, yuniti hamsini zilikuwa zinatupeleka mbali. Jumapili tutakaa kikao. Lakini msimamo wangu nakupa mapema, usije ukasema nimekuvizia. Mashine itoke, urudi kwenye ile ya kukanyaga."

"Wifi, goti langu unalijua."

"Nalijua. Na umeme naujua."

Akachukua mkoba wake, huyo, akaenda kazini.

Ile ya kukanyaga! Mama Sare aliitazama pale ilipokuwa imefunikwa shuka, goti la kulia likamuuma kwa kuiangalia tu. Miaka kumi na mitatu aliikanyaga, mpaka siku goti lilipovimba kama boga na akalala kitandani mwezi mzima akikandwa kwa kanga ya moto na mumewe. Daktari alimwambia achague: mguu au pedali. Ndipo akaanza kudunduliza, tundu kwa tundu na kifungo kwa kifungo, hadi akanunua hii ya umeme. Sasa alikuwa na sare sitini za kumalizia, shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu, na mwalimu mkuu si mtu wa kusikia habari za magoti. Mashine ikitoka, sare hazitoki. Sare zisipotoka, mwakani kazi inakwenda kwa mwingine, na yeye anabaki kutia viraka suruali za jirani.

Akapiga moyo konde. Kama mlaji ni cherehani, itoke, atajua la kufanya. Kama si cherehani, hakuna atakayeigusa, awe karani, awe nani.

Mita ilikuwa na kitaa kidogo chini ya namba. Alikuwa amekiona siku zote kikikonyeza na hakuwahi kukijali. Siku hiyo alisogeza uso, akasoma maandishi madogo yaliyochapwa pembeni: kikikonyeza mara elfu moja, yuniti moja imekwisha. Mama Sare akacheka peke yake. Kuhesabu vitu vidogo vidogo vinavyorudiarudia ndiyo kazi iliyomlea.

Jumanne, mumewe dereva wa lori yuko safarini, wifi yuko ofisini, na Fundi amekwenda kwa kinyozi kupiga soga kama kawaida yake. Mama Sare akachomoa jokofu, akazima taa zote, akaacha cherehani peke yake. Akashona dakika kumi bila kupumzika huku mlango uko wazi na jicho moja liko kwenye mita. Kitaa kilikonyeza mara thelathini na tatu. Akaandika kwenye daftari la vipimo, chini ya kiuno cha mtoto wa darasa la nne.

Halafu akazima cherehani, akachomeka pasi.

Mama yangu! Kitaa kilianza kukonyeza kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni. Alifika mia moja na sabini na zaidi kabla dakika kumi hazijaisha, na hapo aliacha kuhesabu kwa aibu. Pasi hiyo ilikuwa inakaa imewaka asubuhi nzima pembeni yake, ili kila akiunga mshono aubonyeze hapohapo ukiwa mbichi. Wifi alikuwa amekosea mtuhumiwa, lakini chumba alikuwa amepatia. Mama Sare alitamani kulifunga daftari. Hakulifunga. Aliandika ile namba kwa tarakimu kubwa kuliko zote, maana alijua akiificha hii hata zile nyingine hazitakuwa na maana.

Akachomoa pasi. Sasa akataka kuona mita ikiwa imetulia kabisa, apate pa kuanzia hesabu. Akasimama mbele yake, mikono kiunoni, akingoja.

Kitaa kikakonyeza.

Akadhani ni macho. Akangoja. Kikakonyeza tena. Kwa dakika kumi kilikonyeza mara kumi na nane, na ndani ya nyumba hakuna taa, hakuna pasi, hakuna cherehani, jokofu limechomolewa. Akazunguka vyumba vyote, akachungulia hadi nyuma ya kitanda cha wifi, akaambulia chaja moja ya simu ambayo nayo akaichomoa. Mita haikujali. Ndipo alipoingia sebuleni na kuiona kona ya baba mkwe, kila kitu kimekaa kimya na vitaa vyake, kijani hapa, chekundu pale. Akaweka kiganja juu ya redio ya mbao. Ilikuwa na joto la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na haikuwa inamwimbia mtu.

Alikaa kwenye kochi akapiga hesabu kwenye daftari. Kumi na nane kwa dakika kumi. Mia moja na nane kwa saa. Kwa siku moja, usiku na mchana, yuniti mbili na nusu na ushee. Kumbe ndivyo. Cherehani, ukiondoa hizo kumi na nane, ilibaki na kumi na tano tu, tena ilikula ikifanya kazi, na kazi yenyewe haikuzidi saa tatu kwa siku, ukiondoa kukata na kupiga vifungo. Haikufika hata yuniti moja. Kona ilikula ikiwa imelala, na haikuwahi kuinuka mezani.

Mkono ulimwasha kwenda kuchomoa. Lakini ile ilikuwa kona ya baba mkwe, na kuna vitu mkamwana hafanyi hata akiwa na haki tele. Zaidi ya hapo, alimpenda mzee huyu. Alipolala na goti, Fundi ndiye aliyemletea redio ndogo kitandani na kumtafutia idhaa ya muziki wa zamani. Sasa aende kumwambia kwamba alichoufundisha mtaa mzima miaka thelathini ndicho kinachokula nyumba yake? Aliona uchungu mapema. Hata hivyo Jumapili ilikuwa inakuja, na goti lilikuwa lake.

Jumatano asubuhi alimpelekea chai. Fundi aliipokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea kila kitu miaka hii ya karibuni, na watu wa nyumbani walisema mzee ana adabu za kizamani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Goti?"

"Goti liko salama. Baba, nina shida ya kifundi. Nimezima kila kitu changu, nimezima na taa, lakini mita bado inakonyeza. Nimeona nisimsumbue mtu wa mitaani wakati nina fundi ndani."

Macho ya mzee yaliamka. Miaka mingi hakuna aliyemletea shida ya kifundi. Akainuka, akavaa miwani, akafuatana naye hadi mlangoni. Mama Sare akachomoa jokofu, akazima hiki na kile mbele yake, kisha wakasimama bega kwa bega wakiitazama mita.

Kitaa kikakonyeza. Kikakonyeza tena.

Fundi hakuuliza swali lolote. Aligeuza shingo taratibu, akaangalia sebuleni, akairudisha. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka thelathini hahitaji kuelezwa mara mbili, na huyu hakuhitaji hata mara moja.

"Mita haina kosa," alisema.

Akarudi kwenye kiti chake. Siku hiyo hakwenda kwa kinyozi.

Alhamisi hakwenda vilevile. Ijumaa hivyohivyo. Mama Sare alijiona amemuumiza mzee wa watu, lakini kazi hakuiacha. Pasi aliifungia kabatini kutwa nzima. Kila mshono aliufungua kwa ukucha, akaukandamiza kwa ubao wa rula mpaka ukalala, halafu alasiri akaichomeka pasi mara moja tu na kupiga sare zote za siku hiyo mfululizo, bila kuiacha ikae bure hata kidogo. Vidole vilimwota malengelenge. Jumamosi akahesabu: pasi iliyokuwa ikiwaka asubuhi nzima sasa iliwaka nusu saa. Sare zilikuwa zimenyooka vilevile, na ole wake mwalimu mkuu atakayesema hazikunyooka.

Jumapili wakakaa. Katika nyumba ile kikao kilikuwa na utaratibu wake: mwenye shauri anaanza, wengine wanafuata, Fundi anafunga, na akishafunga hakuna rufaa. Dereva alikuwa amerudi usiku wa jana, macho bado yana barabara. Wifi akaanza, na alianza kwa ukarani: tarehe hii ziliingia kadhaa, tarehe hii zilibaki kadhaa.

"Simchukii mtu," akamaliza. "Wifi yangu ni mchapakazi, Mungu shahidi. Lakini hiyo mashine inatumaliza. Itoke."

Dereva akamtazama mkewe kwa huruma ya mtu asiyejua aiweke wapi. "Mke wangu, unasemaje?"

Mama Sare akasimama na daftari lake.

"Nimehesabu. Nitaanza na kosa langu. Pasi yangu ilikuwa inakula kuliko mashine, tena mara nyingi, na nilikuwa naiacha imewaka kwa uvivu wa kuinuka. Wifi, hapo umesema kweli, naomba radhi. Tangu Alhamisi nimeikata hadi nusu saa." Akafungua ukurasa. "Mashine yenyewe, kwa siku, haifiki yuniti moja. Mtu yeyote aje ahesabu na mimi, hata sasa hivi. Siitoi. Goti langu haliwezi, na sare sitini haziwezi kungoja."

"Haifiki moja?" Wifi akanyoosha mkono apewe daftari. "Basi zinakwenda wapi? Hapa umeandika kuna kingine. 'Mbili na nusu na ushee.' Kingine gani?"

Mama Sare akatupa jicho kwenye kona. Alikuwa amelirudia jibu hilo siku nne akiwa jikoni, na sasa lilikwama palepale lilipokuwa linakwama siku zote. Mumewe alifuata macho yake, akaona yanakoelekea, akaanza kutikisa kichwa kidogo: usiseme.

"Ni kona yangu," alisema Fundi.

Wote wakageuka.

"Alikuja kuniuliza Jumatano, kwa adabu, kama vile hajui. Nilijua anajua." Mzee alivuta pumzi. "Zile televisheni za zamani, za taa za kioo ndani, ukizizima na kuziwasha zilikuwa zinakufa kweli. Niliwaambia watu wasizime, na nilikuwa sahihi. Halafu vikaja vifaa vipya, ambavyo ukizima havidhuriki, nami nikaendelea kusema lilelile. Mtu akishaitwa Fundi Usizime, anaanzaje kuwaambia watu zimeni?"

Hakuna aliyecheka, ingawa Fundi mwenyewe alijaribu.

"Basi baba, si rahisi tu?" alisema wifi, na ukarani ulikuwa umemtoka. "Tunachomoa."

"Televisheni chomoa. King'amuzi chomoa, hiyo stebilaiza tupa kabisa. Ila redio..." Akaitazama. "Redio hii ina kapasita, kikopo kidogo cha kutunza umeme, na imechoka. Ikiwa na moto inaimba. Umeme ukikatika kidogo inavumilia, ila ikipoa kabisa haiwaki tena. Nimelijua hilo miaka sita."

"Baba, wewe ni fundi," alisema mwanawe. "Miaka sita hukuibadilisha?"

Fundi akainua mikono yake kutoka mapajani na kuinyoosha mbele yao. Ilitetemeka, yote miwili, vidole kila kimoja na safari yake. Hapo ndipo nyumba nzima ilipoelewa ile adabu ya kupokea chai kwa mikono miwili. Wifi alifunika mdomo. Alikuwa ameishi na mikono hiyo kila siku, amehesabu kila yuniti iliyoingia na kutoka, na hilo hakuliona.

"Sikutaka ife halafu nishindwe kuifufua," alisema mzee. "Basi nikaiacha iwake."

Kisha akainuka, kwa sababu kufunga kikao ilikuwa kazi yake. Akaenda kwenye kona, akachomoa televisheni, akachomoa king'amuzi, akachomoa stebilaiza. Kwenye waya wa redio alikawia kidogo. Akauchomoa. Sauti ndogo ya mngurumo, ambayo walikuwa wameizoea kiasi cha kutoisikia, ikakatika.

"Mashine haitoki," alisema. "Nimefunga."

Jumatatu asubuhi Fundi aliichomeka redio. Haikuwaka, kama alivyosema. Hakulalamika. Aliufunga waya wake vizuri, akaanza kutafuta kitambaa cha kuifunikia moja kwa moja, na ndipo Mama Sare alipoingia, akaisogeza meza yake ya kukatia hadi katikati ya sebule na kukunja vitambaa vyote vya sare.

"Baba, iweke hapa."

"Mwanangu, una sare sitini."

"Nina arobaini na sita. Iweke hapa. Mimi kila siku natia uzi kwenye tundu la sindano namba tisa. Wewe niambie pa kugusa."

Mzee akaenda chumbani kwake, akarudi na sanduku lake la zana na kibiriti kilichofungwa na mpira. Ndani yake mlikuwa na kapasita mpya, haijawahi kuguswa, imezungushiwa pamba. Aliinunua miaka sita iliyopita, wiki ileile alipojua, na wiki ileile mikono ikamkatalia. Mama Sare alihisi machozi yanakuja, akayaambia yangoje kazi iishe.

Wifi, aliyekuwa amekwisha vaa viatu vya ofisini, akavivua. "Mimi nitashika tochi," alisema. "Ofisini watanisubiri."

Wakafungua mgongo wa redio. Fundi aliketi, mikono ameikalia ili isimsumbue, akatoa maelekezo kwa sauti ambayo mkamwana wake hakuwahi kuisikia, sauti ya kibandani. "Kabla ya yote, gusa hapo na bisibisi, shika mpini tu. Kuna umeme umelala humo. Ehe. Sasa ile yenye tumbo lililovimba. Unaiona?"

"Naiona."

"Hiyo ndiyo mchawi. Kumbuka upande wenye mstari. Pasha chuma cha kulehemu. Usibonyeze, gusa tu, hiyo risasi iliyoiunga itayeyuka yenyewe."

Mara ya kwanza aligusa sana, moshi ukapanda, wifi akapiga ukelele na tochi ikaangaza dari. "Tochi chini!" wakasema wote wawili. Mara ya pili mkono ulikuwa mwepesi. Kapasita ya zamani ikatoka, mpya ikakaa, mstari upande wa mstari, na Mama Sare akakata vimiguu vyake vilivyozidi kwa mkasi wa kukatia nyuzi.

"Chomeka," alisema Fundi.

Akachomeka. Kimya. Wifi akaanza kufungua mdomo, Fundi akamnyamazisha kwa kidole kinachotetemeka. "Subirini. Inavuta pumzi."

Ikavuta. Mwanga wa manjano ukapanda polepole nyuma ya kioo cha namba, na sauti ikaja, kwanza ya mbali, kisha ikajaa sebule: bendi ya zamani, gitaa na tarumbeta. Fundi alifumba macho. Alisikiliza wimbo wote, na mikono yake, ikiwa nje sasa mapajani, ilitetemeka bila kujificha kwa mtu.

Wimbo ulipoisha mtangazaji akaanza kusoma matangazo ya sabuni. Mzee akafumbua macho, akamgeukia mkamwana wake ambaye alikuwa bado amepiga goti la kushoto, lile lisilouma, kando ya ukuta, mkono karibu na swichi.

"Haya, mwanangu," alisema. "Zima. Jioni tutaiwasha."